Jino Likiota, Nani Atalipanga?

Tangu mwaka 2024 imekuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp habari kwamba Wajapani wamepata dawa ya kuotesha meno, na kila inapozunguka huwa imeongezewa chumvi. Mara ya kwanza nilipoipata ilisema majaribio yanaanza. Mara ya mwisho ilidai kibogoyo wa miaka 70 anachomwa sindano Jumatatu, na ikifika mwezi ujao anatafuna muwa. Chumvi hiyo hainisumbui sana, maana tumeizoea. Kinachonisumbua ni hitimisho ambalo hata watu makini wamelifikia: kwamba waliozaliwa bila baadhi ya meno, au waliozaliwa na meno yenye hitilafu, sasa hawana haja ya kuhangaika na madaktari watatu au wanne, wavumilie tu mpaka sindano ifike. Ninaona kinyume chake. Mtu aliyezaliwa na hitilafu ya meno hakupungukiwa na meno peke yake. Amepungukiwa pia na madaktari wanaokaa pamoja na kupanga nini kifanyike kinywani mwake, lini, na nani atangulie. Dawa hiyo ikifaulu, pengo hilo la pili halitazibika, na huenda likaonekana zaidi.

Tutazame kwanza kilichopo. Watafiti wa Japani, akiwemo Katsu Takahashi wa Hospitali ya Kitano mjini Osaka, walichapisha mwaka 2021 matokeo ya kazi yao juu ya protini iitwayo USAG-1. Protini hiyo huzuia baadhi ya ishara za mwilini zinazoamrisha jino kukua, na ilikwisha kuonekana kwamba panya waliozaliwa bila protini hiyo huota meno ya ziada. Watafiti wakatengeneza kingamwili, yaani protini ya kinga inayoishika nyingine na kuizuia isifanye kazi, wakaijaribu kwa panya wenye upungufu wa meno na kwa fereti, mnyama wa jamii ya kicheche ambaye, kama binadamu, huota meno ya utotoni kisha ya ukubwani. Meno yaliota. Mwaka 2024 yakaanza majaribio ya kwanza kwa binadamu katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa wanaume 30 wenye afya njema, wa umri wa miaka 30 hadi 64, waliopungukiwa na angalau jino moja la nyuma. Lengo la hatua hii ni kujua kama dawa ni salama. Hatua inayokusudiwa kufuata ni ya watoto wa miaka 2 hadi 7 waliozaliwa bila meno manne au zaidi, na watafiti wenyewe wamesema wanatarajia dawa iwe tayari kutumika kwenye mwaka 2030. Kwa hiyo walengwa wa kwanza si wazee waliong'olewa meno yaliyooza. Ni watoto waliozaliwa na upungufu, na hao ndio ambao mjadala wetu umewasahau.

Kiswahili kina mwanya na kina pengo, na hivyo si kitu kimoja. Mwanya ni nafasi kati ya meno mawili ya mbele ya juu, nao tumeuhesabu kuwa urembo tangu zamani, hata wasionao wakatamani kuupata. Pengo ni mahali palipostahili jino na jino halipo. Tabu ni kwamba viwili hivyo hufanana machoni. Mtoto wa miaka 8 au 9 mwenye mwanya mara nyingi hana neno, kwa kuwa chonge zikishuka huyasukuma meno ya mbele yakakaribiana. Lakini wapo ambao mwanya wao ni mpana kwa sababu meno mawili ya pembeni hayakuumbwa kabisa, na ya katikati yameachana kwa kukosa cha kuyabana. Familia husifia mwanya mpaka mtoto anapofika miaka 14. Hali hii ya kukosa jino moja au zaidi, ukiacha magego ya mwisho, si ya nadra kama watu wanavyodhani. Makadirio ya kimataifa huiweka karibu na asilimia 6 ya watu. Wengi wao wamekosa moja au mawili na wanaishi bila shida. Wanaokosa sita au zaidi ni wachache sana, mmoja au wawili katika kila watu 1,000, na hao wanaweza kuhitaji huduma ya kinywa kuanzia chekechea hadi utu uzima.

Wapo pia ambao idadi ya meno yao imetimia ila yameumbwa vibaya. Tabaka gumu la nje huwa jembamba au laini kiasi cha kumomonyoka mapema, au dentini iliyo chini yake hukosa uimara. Hapa Afrika Mashariki utambuzi wa hali hizi una utata wake wenyewe. Kwa mtu wa ukanda wa Arusha, ambako maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, jino la kahawia halimshtui mtu; husemwa ni maji. Mara nyingi ni kweli ni maji. Lakini mtoto ambaye meno yake yote, ya utotoni na ya ukubwani, yanamegeka na kumuuma akinywa kitu baridi, na ambaye baba yake na shangazi yake wana meno ya namna hiyo hiyo ingawa walikulia mkoa mwingine, anastahili kuulizwa maswali zaidi. Kadhalika mtoto asiye na chonge. Huenda hakuumbiwa, huenda pia alipokuwa mchanga aliharisha na kupata homa, akapelekwa kwa mtu wa kuondoa "meno ya plastiki", ambaye alipasua fizi na kuchokoa vichipukizi vya chonge vilivyokuwa chini. Desturi hiyo, iliyovuma nchini Tanzania tangu miaka ya 1980, huharibu pia chipukizi la jino la ukubwani lililo jirani. Picha ya eksirei itaonyesha kwamba jino halipo. Kwa nini halipo ataijua mtu aliyekaa na mama na kumuuliza kwa upole bila kumtia aibu, na mara nyingi mtu huyo ni muuguzi wa kliniki ya watoto kabla ya kuwa daktari bingwa.

Sasa kwa nini timu? Tuchukue mfano wa kawaida, tuutazame kwa karibu. Binti wa miaka 12 hana meno mawili ya juu yanayokaa kati ya meno ya katikati na chonge. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kufunga nafasi: daktari wa kupanga meno anazivuta chonge kwa waya hadi zikae mahali pa meno yasiyokuwepo, kisha daktari mwingine anazichonga ncha na kuzijazia ili zifanane na meno ya mbele. Ya pili ni kufungua nafasi na kuilinda, kisha kuweka jino la bandia. Ipi inafaa inategemea rangi ya chonge zenyewe, ambazo kwa kawaida ni za manjano kidogo na nene kuliko jirani zake, inategemea jinsi mataya yanavyofumbana, na inategemea fizi inaonekana kiasi gani binti anapocheka. Daktari wa kupanga meno peke yake hawezi kuyajua yote hayo, wala daktari wa meno ya bandia hawezi. Wakichagua kufungua, kipandikizi, yaani mzizi wa bandia unaokazwa kwenye mfupa wa taya ili kubeba jino la bandia, hakiwekwi kabla binti hajamaliza kukua, kwa sababu taya hukua na meno ya asili hushuka pamoja nalo, lakini kipandikizi hubaki pale pale kilipowekwa, kama msumari uliopigwa kwenye mche: mti unapanda, msumari uko vilevile. Kwa hiyo kuna miaka sita au saba ya kusubiri, na katika miaka hiyo lazima awepo mtu wa kulinda nafasi na kumpa binti jino la muda la kuendea shule. Na hapo ndipo kosa hutokea. Waya zimetolewa, meno yamesimama wima juu ya fizi, kila mtu amepongezwa. Binti anafika miaka 19, anapigwa picha, kumbe chini ya fizi mizizi ya meno jirani imeinamiana na kipandikizi hakina pa kupita. Waya zinarudi upya. Hakuna daktari aliyezembea katika kazi yake. Kilichokosekana ni nusu saa ya kuzungumza miaka saba nyuma.

Nina mpwa wangu, mkazi wa Tanga, aliyeng'olewa gego la utotoni alipokuwa na miaka 10 kwa sababu lilitoboka. Mama yake aliambiwa, "Usijali mama, hili ni la utoto, jipya linakuja." Halikuja. Picha iliyopigwa alipofika miaka 15 ilionyesha kwamba chini ya gego lile hapakuwa na chipukizi lolote tangu mwanzo. Simlaumu sana aliyeling'oa, kwa kuwa kituo chake hakikuwa na mashine ya picha. Lakini lingejulikana mapema, gego lile lingezibwa likatunzwa, maana jino la utotoni lisilo na mrithi linaweza kukaa hata miongo kadhaa. Au lingeng'olewa kwa makusudi mapema zaidi, wakati gego la nyuma yake lina uwezo wa kusogea mbele lenyewe na kufunga nafasi. Sasa meno jirani yamelalia pengo. Binti ana bahasha ya kaki yenye picha tatu za vituo vitatu, na hakuna kituo kilichowahi kuomba kuona picha ya kingine.

Timu hii haiishii kwa madaktari wa meno. Mwaka 2004 watafiti wa Finland walieleza habari za familia moja ambayo watu 11 ndani yake walikosa angalau meno 8 ya ukubwani kila mmoja, na 8 kati yao wakakutwa na saratani ya utumbo mpana au vidonda vinavyotangulia saratani hiyo. Chanzo kilikuwa hitilafu katika jeni moja iitwayo AXIN2. Si kila mwenye mapengo ana hitilafu hiyo, tena walio wengi hawana, na ni vibaya kuwatisha watu kwa mfano huu. Lakini unaonyesha kwamba daktari wa meno anaweza kuwa mtu wa kwanza kuona dalili ya jambo lililo mbali na kinywa. Mtoto mwenye meno machache yaliyochongoka kama misumari, nywele haba na ngozi isiyotoa jasho ipasavyo ana hatari iliyo kubwa kuliko kukosa meno: mwili wake haujui kujipoza, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa homa ndogo inaweza kumzidi. Mtoto mwenye meno ya rangi ya kijivu yanayokwanguka na ambaye ameshavunjika mfupa mara tatu anahitaji daktari wa mifupa kabla ya kuhitaji krauni, yaani kofia ya kulifunika jino.

Ushahidi kwamba kukusanya wataalamu kunasaidia upo, na ulio bora zaidi unatoka kwa jirani wa karibu wa tatizo hili, yaani watoto wa mdomo wazi na kaakaa lililopasuka, ambao mara nyingi hukosa jino la pembeni upande wenye mpasuko. Mwaka 1998 jopo la wataalamu nchini Uingereza lilikuta timu 57 zikiwatibu watoto hao, nyingi zikiona watoto wachache mno kwa mwaka kiasi cha kutojifunza chochote kutokana na kazi yao. Likapendekeza zibaki kati ya 8 na 15. Tathmini iliyofanywa miaka mingi baadaye ilikuta mataya ya watoto yanapatana vizuri zaidi kuliko ya watangulizi wao. Haki inanitaka niseme pia kwamba si kila kitu kilibadilika: kuoza kwa meno kulibaki karibu palepale. Timu ilirekebisha kinachoamuliwa hospitalini; kinachoamuliwa nyumbani, kwa mswaki na sukari, haikukifikia. Kwetu fundisho ni kali zaidi. Upasuaji wa mdomo wazi umesambaa Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa kwa fedha za mashirika ya hisani, na ni jambo la kushukuru. Mdomo unashonwa, mtoto anapendeza, picha ya kabla na baada inapigwa. Kisha anatoweka kwenye daftari. Akifika miaka 8 hadi 11, wakati anapohitaji kupandikizwa mfupa kwenye ufa wa taya ili chonge ipate pa kushukia, nani anamkumbuka?

Wanaopinga wana hoja, na moja ni nzito. Husemwa kwamba nchi ambazo madaktari bingwa wa kupanga meno wanahesabika, na ambako daktari wa wilaya ana foleni ya watu wenye usaha tangu alfajiri, hazina anasa ya kukusanya wataalamu watano kwa ajili ya mtoto mmoja. Hesabu hiyo siipuuzi. Timu ikijengwa kwa kuwaondoa madaktari wilayani na kuwajaza kwenye jengo jipya mjini, itakuwa imewaibia wengi ili kuwapa wachache. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba timu ni jengo. Sehemu kubwa ya faida yake imo katika mambo ya gharama ndogo: jalada moja linalomfuata mgonjwa, picha moja ya mataya yote kwa mtoto anayeshukiwa anapofika miaka 8 hivi, mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mratibu, na siku moja kwa mwezi ambapo bingwa wa hospitali ya rufaa anatazama kwenye simu au kompyuta picha zilizotumwa na tabibu wa meno wa wilaya kwa ridhaa ya mzazi. Tena uhaba wa mabingwa ndio unaoilazimisha njia hii. Aliye na mabingwa tele anaweza kumudu waharibiane kazi. Sisi hatuwezi kumudu waya zivishwe mara mbili.

Wengine hukumbusha kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, na nimeona majalada ambayo kila daktari ameandika mpango wake bila kusoma wa mwenzake. Hayo ni manahodha wengi bila baharia. Timu ninayoizungumzia ina nahodha mmoja, na si lazima awe mwenye cheo kikubwa. Kwa mtoto mdogo anaweza kuwa daktari wa meno ya watoto, akifika utu uzima usukani ukahamia kwa daktari wa meno ya bandia. Fundi sanifu wa maabara ya meno naye aitwe mapema, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama jino lililochorwa kwenye karatasi linatengenezeka.

Hoja ya urembo ni dhaifu kuliko inavyosikika, ingawa ndiyo inayotumika kwenye bima. Mara nyingi kung'oa kunalipiwa, kuziba kunalipiwa, lakini kupanga meno na kuweka daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno jirani, huwekwa fungu moja na kujipamba. Mtoto asiye na meno ya mbele ya juu hana mahali pa kuegemeza ncha ya ulimi atamke "thamani" au "dhahabu", wala pa kugusisha mdomo wa chini atamke "fedha". Mwalimu wa madrasa hulijua hili kabla ya daktari, kwa sababu thaa, dhali na faa zinahitaji ncha za meno hayo, na mtoto hurudishwa aya ileile mara kumi kwa kosa lisilo lake. Ukiongeza maumivu ya meno yaliyovuliwa tabaka lake la nje, na jina la kibogoyo analoitwa uwanjani, neno urembo linakuwa kejeli. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa Tanzania mwaka 2023 imefungua mjadala wa nini kiwe ndani ya kitita na nini kiwe nje, na sioni sababu ya kutotenganisha waya za anayetaka tabasamu zuri na waya za aliyezaliwa bila meno sita.

Inabaki hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosambaa: tusubiri dawa. Anayesubiri hajatazama kalenda. Mtoto mwenye miaka 6 leo, dawa ikiwahi kama watafiti wanavyotarajia na ikafika kwetu siku hiyo hiyo, atakuwa amekwisha kupita umri wa watoto wanaokusudiwa kuanza nao. Dawa yenyewe, kwa jinsi ilivyobuniwa, inahusu jino lisiloota. Jino lililoota na tabaka bovu, dawa hailiahidi kitu. Na tuseme jino limeota. Litaota mahali ambapo meno jirani yamekwisha kulala, kwenye taya ambalo huenda ni jembamba kwa sababu mfupa haukupata jino la kuushikilia, na wakati ambao si wa kawaida yake. Atahitajika wa kulifungulia njia, wa kulisogeza, wa kuhakikisha mzizi wake umetimia, na wa kulinganisha umbo lake na wenzake. Panya walioota meno ya ziada hawakuwa na wa kuwapangia, wala hawakuhitaji kwenda kwenye usaili wa kazi.

Liko na hili ambalo halisemwi. Majaribio ya dawa kwa watoto hutafuta watoto ambao upungufu wao umethibitishwa, wenye picha za miaka mfululizo, wenye historia ya familia iliyoandikwa na, inapowezekana, kipimo cha jeni. Nchi yenye kliniki za pamoja na daftari la wagonjwa wake inaweza kujibu ikiulizwa ina watoto wangapi wa namna hiyo na wako wapi. Isiyo nazo itasikia habari kwenye WhatsApp.

Mpwa wangu sasa ana miaka 17. Daktari wa kupanga meno, mjini Dar es Salaam, anataka kunyanyua meno yaliyolala na kufungua nafasi. Daktari wa meno wa Tanga anaona heri nafasi ifungwe kabisa. Wote wawili wana sababu nzuri. Nimempa kila mmoja namba ya simu ya mwenzake, na nimempigia dada yangu kumwambia waya zisivishwe kwanza mpaka mmoja wao apige.